Moto Unaoishia Njiani

Mjukuu wangu anasoma kemia katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na kila likizo hupanda basi kuja Singida kunisalimu. Safari hii alikuja mwezi wa Juni, wakati ule upepo wetu unapovuma kutwa kucha na kuingia hata kwenye mifupa ya wazee. Alinikuta jikoni, nimevaa sweta mbili, nikichemsha chai kwenye jiko la gesi. Akaniamkia, akavuta kigoda, akautazama mwali wa buluu kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Babu, ipi kazi ngumu zaidi: kuwasha moto, au kuusimamisha ukiwa umefika nusu?"

Nilidhani ananitania. Nikamjibu kwamba kuzima moto ni kazi ya ndoo moja ya maji.

"Sikusema kuuzima, Babu. Nimesema kitu kiungue kidogo tu, kisha kiache kuungua, huku jiko linaendelea kuwaka."

Hapo nikanyamaza. Mimi nilisomea ualimu wa sayansi katika Chuo cha Ualimu Chang'ombe, Dar es Salaam, nikafundisha kemia miaka mingi kabla na baada ya kuwa mkuu wa shule, na sasa nina umri wa miaka sabini na mitano. Lakini swali hilo sikuwahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote. Binti akafungua mkoba, akatoa karatasi za utafiti wake, akaniomba nizisome ili nimsahihishie Kiswahili cha muhtasari. Nilizisoma usiku ule mpaka chai ikapoa mara mbili. Kiswahili chake hakikuwa na kasoro kubwa. Kilichoninyima usingizi ni jambo jingine, na ndilo ninalotaka kukusimulia, ewe msomaji. Lakini kabla ya kufika huko, sharti tupite kidogo katika kemia. Usiogope, nitakushika mkono.

Gesi iliyomo katika mtungi wangu wa jikoni ni propani na butani. Hizi pamoja na methani, ambayo ndiyo gesi yetu ya Songo Songo kwa sehemu kubwa sana, ni za ukoo wa hidrokaboni nyepesi. Zimeitwa nyepesi kwa sababu molekuli zake ni ndogo: methani ina atomu moja ya kaboni, propani tatu, butani nne, na zote zimezungukwa na hidrojeni. Ukiiwasha gesi hiyo, oksijeni ya hewani huivamia na kuinyang'anya kila kitu. Kaboni yote huwa hewa ya ukaa na hidrojeni yote huwa mvuke. Chai imechemka, naam, lakini kilichobaki hakina thamani tena. Kimepaa na upepo.

Sasa, oksijeni hiyohiyo ikiingia kwa kiasi na kuishia njiani, mambo huwa mengine kabisa. Butani ikipitishwa pamoja na hewa juu ya oksidi ya vanadiamu iliyochanganywa na fosforasi, hutoka kitu kinachotumika kutengeneza utomvu mgumu unaoshikanisha nyuzi za kioo katika maboti. Propilini, ndugu yake propani, ikikutana na hewa na amonia juu ya oksidi za bismuthi na molibdenamu, hutoa akrilonitrili. Kiwanda cha kwanza cha njia hiyo kilianza kazi huko Ohio, Marekani, mwaka 1960. Na akrilonitrili ni ya nini? Mjukuu wangu alinishika mkono wa sweta, akauvuta kidogo. "Ni ya hii, Babu. Nyuzi za akriliki." Kumbe nilikuwa nimejikinga na baridi ya Singida kwa moto ulioishia njiani.

Hizo oksidi za metali ndizo zinazoitwa vichocheo. Kichocheo huharakisha kazi bila kumalizika chenyewe, kama mshenga ambaye huoza wengi na kubaki alivyokuwa. Mwaka 1954 wataalamu wawili wa Uholanzi, Mars na van Krevelen, walieleza jinsi oksidi ya namna hii inavyofanya kazi. Haichukui oksijeni ya hewani na kuipokeza moja kwa moja. Kwanza hutoa oksijeni yake yenyewe, iliyo mwilini mwake, kisha hujaza pengo kwa ile ya hewani. Ni kama jirani anayekukopesha mtama kutoka ghala lake wakati wa njaa, naye akajaziwa wakati wa mavuno.

Lakini jirani mkarimu kupita kiasi huweza kudhuru. Mwaka 1963 Wamarekani wawili, Callahan na Grasselli, walionyesha kwamba oksijeni za kichocheo zikiwa zimesongamana na zote ziko tayari kutoka, molekuli iliyotua hapo hushambuliwa na kundi zima mpaka iwe majivu. Oksijeni zikiwa hazipo, hakuna linalotendeka. Zinazofaa ni zile zilizotawanywa katika vikundi vidogo vilivyotengana, ili molekuli ipate inachohitaji na iondoke ikiwa hai.

Na hapa pana ugumu ambao ulinifanya niiweke karatasi chini na kuivua miwani. Methani ni sugu. Kuifungua kunataka joto kali. Lakini ikishafunguliwa, ikawa methanoli au ethilini, inakuwa dhaifu mbele ya moto kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kile kilichokwisha kubadilika nusu ndicho kinachoungua upesi zaidi. Kwa hiyo mtaalamu huyu anataka moto wenye nguvu ya kuifungua ile sugu, na moto huohuo uwe na huruma ya kumwachia aliyekwisha kufunguka.

Dawa yake mojawapo ni kutia ndani ya oksidi kiasi kidogo cha metali ngeni. Mwaka 1985 Lunsford na wenzake huko Texas walitia lithiamu katika oksidi ya magnesiamu. Oksidi ya magnesiamu ni unga mweupe mpole. Magnesiamu ndani yake hubeba chaji mbili za umeme, lithiamu hubeba moja tu. Basi pale lithiamu inapokaa mahali pa magnesiamu, hesabu haitimii, na oksijeni iliyo jirani hubaki na upungufu wa elektroni moja. Upungufu huo ndio unaoipa uwezo wa kunyofoa hidrojeni moja kutoka kwenye methani, moja tu, katika joto la nyuzi 700 hivi za Sentigredi. Methani mbili zilizonyofolewa hivyo hushikana na kuanza safari ya kuwa ethilini, mama wa plastiki nyingi tunazozijua. Hata hivyo sehemu kubwa ya mavuno bado hupotea motoni, tena katika joto lile lithiamu yenyewe hutoroka kidogo kidogo. Ndiyo maana vijana kama mjukuu wangu wana kazi hadi leo.

Asubuhi nilimwambia kwamba habari ya kidogo kinachogeuza kingi haikuwa ngeni kwangu, kwa kuwa niliiona kwa macho katika taa ya karabai. Hakuwa ameiona karabai ikiwaka, hivyo nikamweleza. Ni taa ya mafuta ya taa yenye pampu. Mafuta husukumwa, hugeuka mvuke, na mvuke huwaka ndani ya kifuko cheupe cha wavu, ambacho sisi tulikiita utambi. Kifuko hicho kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach, mwanakemia wa Austria, kwa ajili ya taa za gesi za mijini. Cha kwanza, cha mwaka 1885, kilitoa mwanga wa kijanikijani uliowachukiza watu. Mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliofaa: oksidi ya thoriamu sehemu 99 na oksidi ya seriamu sehemu moja. Thoriamu peke yake hutoa mwanga hafifu. Ukizidisha seriamu, utambi hupoa na mwanga hufifia tena. Sehemu ile moja katika mia ndiyo iliyoyaangaza majiji ya Ulaya, na baadaye mabweni yetu. Ni kweli kwamba katika karabai mafuta huungua yote, hayaishii njiani. Lakini ile siri ya kipimo ni ileile.

"Mbona unaijua sana taa hiyo, Babu?" akaniuliza.

Sikumjibu siku hiyo. Namjibu hapa.

Mwaka 1983 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni katika mkoa wetu wa Singida. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu na nilijiona mtu mzima sana. Wanaokumbuka miaka ile watakumbuka uhaba wake: sukari kwa foleni, sabuni kwa kibali, mafuta ya taa kwa bahati. Jenereta ya shule ilikuwa imenyamaza kwa kukosa dizeli, na wanafunzi walijisomea usiku kwa karabai mbili tu, moja kila upande wa bwalo. Mafuta niliyapima mwenyewe kwa kopo. Tambi za akiba zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa tumeagiza nyingine Dar es Salaam na hatukujua zingefika lini.

Ndipo usiku mmoja mlinzi akamkamata mvulana wa kidato cha tatu ndani ya stoo. Alikuwa amechukua karabai moja baada ya kengele ya kulala, akaiwasha, akawa anasoma. Alipoona tochi ya mlinzi alishtuka akaigonga taa. Utambi wa karabai ukishawaka mara moja, ule uzi wa pamba huungua na kubaki oksidi tupu, jivu lililosimama. Ukiuchezesha tu, umekwisha. Asubuhi yake tulikuwa na karabai moja yenye mwanga, na nyingine yenye kifuniko cha kioo na ndani hamna kitu.

Hewa ya mwaka ule ilikuwa ya moto. Tangu Machi 1983 Serikali ilikuwa katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, na redio ilitusomea habari zao kila siku. Mimi niliingia katika kamati ya nidhamu nikiwa na neno hilo mdomoni. Nilisema, na ninayakumbuka maneno yangu, kwamba anayeiba mafuta ya umma usiku leo ataiba ghala la umma kesho. Mwalimu mmoja akasema samaki mkunje angali mbichi. Mwingine akaongeza kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Kila mmoja alitia ukuni wake. Tulikuwa saba, sote wanaume, sote tumefundishwa katika mtindo mmoja, tumekaa bega kwa bega, na hakuna hata mmoja aliyeuliza alikuwa akisoma nini. Tulipendekeza afukuzwe, na bodi ikakubali.

Mama yake alikuja siku ya tatu kutoka upande wa Mkalama. Alikuwa mjane. Alikuja na kuku amemfunga miguu kwa kamba ya mkonge, akasimama mlangoni pa ofisi yangu, akasema, "Mwalimu, huyu ndiye niliyebakiwa naye. Mchape, mchapeni wote, lakini asirudi nyumbani." Nami nikamwambia, "Mama, kanuni ni kanuni." Nikamrudishia kuku wake, na nikajivunia kwamba sikupokea rushwa.

Kijana aliondoka na sanduku la bati kichwani na sweta ya shule mwilini. Nilimtazama kutoka dirishani mpaka alipopita yale mawe makubwa ya barabarani. Miaka mitatu nyuma, kama asingechaguliwa kuingia sekondari, angebaki nyumbani akalima uwele na kuoa kama wenzake, na maisha yangemkubali. Sisi tulikuwa tumemfungua. Tulikuwa tumempa Kiingereza, na milinganyo ya kemia, na haya ya kushika jembe. Kisha, akiwa nusu ya safari, tukamchoma. Niliambiwa baadaye kwamba alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Zaidi ya hapo sikusikia kitu.

Majuma mawili baada ya kuondoka kwake lilifika furushi kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na tambi za karabai, dazeni nzima, zimefungwa katika karatasi nyepesi. Nilizihesabu mara mbili. Mtunza stoo aliniuliza kama hesabu ina kasoro. Nikamwambia haina.

Mwaka 1985 tuliletewa mlezi mpya wa wanafunzi, mama wa makamo ambaye hakuwa na shahada wala stashahada, na kwa desturi ya shule akaingia katika kamati ya nidhamu. Walimu wenzangu hawakufurahi. Katika kikao chake cha kwanza alikuwa akifuma, na mimi nilitaka kumwambia aweke sindano chini. Shauri lililokuwa mbele yetu ni la mvulana aliyetoroka kwenda mnadani. Kuni zilianza kutiwa kama kawaida. Tulipofika kwenye kufukuza, yule mama akainua uso akasema, "Samahani, Mkuu. Adhabu hii inaishia wapi?"

Hakuna aliyemwelewa. Akarudia. "Nauliza tu. Viboko huishia jioni. Kufyeka uwanja huishia Jumamosi. Hii inaishia wapi?"

Ukimya ulioingia pale ndani siwezi kuusahau. Hakutupinga, wala hakumtetea kijana. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua sukari imebaki kiasi gani. Kijana alifyeka uwanja majuma matatu. Tangu siku ile, kila shauri lilipoletwa, hata kabla mama hajafungua kinywa, utamwona mwalimu huyu anamtazama, yule anakohoa, na kikao kizima kinatafuta mahali pa kuishia. Alikuwa mmoja kati ya wanane. Hatukuwa walegevu, adhabu ziliendelea, na wengine walizipata kali. Lakini katika miaka mitano aliyokaa nasi tulimfukuza mwanafunzi mmoja tu, naye kwa kosa ambalo hata mama mwenyewe alilinyamazia.

Mwaka 1990 alihamishwa. Katika kikao kilichofuata nilisikia kuni zikianza kutiwa upya, kama vile hakuwahi kuwapo. Ikanibidi niulize mimi. Nilikohoa, nikasema, "Adhabu hii inaishia wapi?" Sauti yangu haikuwa yake, lakini swali lilifanya kazi. Nililiuliza kwa miaka ishirini iliyobaki ya utumishi wangu, na kila nilipouliza nilimwona yule kijana akipita kwenye mawe.

Sasa utaelewa, msomaji, kwa nini karatasi za binti yule zilinikesha. Nilikuwa nimeishi na jambo hili miaka arobaini nikidhani ni la moyo wangu peke yangu, kumbe liko pia katika unga mweupe ndani ya neli ya kioo. Sisemi kwamba watoto wetu ni gesi. Nasema kwamba ukali, hata pale unapohitajika, una mahali unapopaswa kuachia, na kwamba watu wanaofanana waliokaa bega kwa bega si rahisi kupaona.

Nalifikiria hata taifa letu katika jambo hilo. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Katika miaka ya 1980 palikuwa na mpango ulioitwa Kilamco, wa kiwanda cha kugeuza gesi ya Songo Songo kuwa amonia na mbolea huko Kilwa. Haukutimia. Mwaka 2004 gesi ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba, na sehemu kubwa yake tunaichoma ili tupate umeme. Siulaumu umeme, nimekaa gizani na karabai moja, najua thamani ya taa. Lakini mjukuu wangu anaota siku ambayo sehemu ya gesi hiyo itasimamishwa njiani, hapa hapa nchini, ikawa nyuzi na dawa na vyombo. Sasa TPDC inatafiti mafuta na gesi hata katika bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa mkoa wetu. Ikiwa kitapatikana kitu, nawaombea watakaoamua wawe na mtu mmoja miongoni mwao wa kuuliza inaishia wapi.

Siku ya kuondoka, binti aliniuliza tena kwa nini naijua sana karabai. Tulikuwa stendi, basi la Dodoma limekwisha kupiga honi. Nikamwambia nimeandika, atasoma. Akanikumbatia, akanifunga vizuri vifungo vya sweta kama mtoto mdogo, akapanda.

Yule kijana, kama yu hai, anakaribia miaka sitini. Sijamtaja jina kwa kuwa hajaniruhusu. Lakini kama kitabu hiki kitamfikia, atajitambua kwa karabai na kwa kuku wa mama yake. Ajue kwamba tambi zilifika, dazeni nzima, na kwamba mlango wangu hapa Singida mjini uko wazi. Sina cha kumrudishia. Ningependa tu kumuuliza lile tuliloshindwa kumuuliza watu saba: usiku ule ulikuwa unasoma nini?